Baridi ya Kitale, moshi wa Bungoma: Nyumba ihifadhi joto bila kufungia hewa chafu

BARIDI ya Kitale haihitaji kuelezwa kwa yeyote aliyewahi kulala mjini humo mwezi wa Julai. Mji huo uko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, baina ya Mlima Elgon na vilima vya Cherangani, na usiku kipimajoto aghalabu huteremka hadi nyuzi 12 za Selsiasi au chini ya hapo.

Jioni inapoingia, jiko la makaa lililopikia ugali nje ya mlango huingizwa chumbani likiwa bado jekundu. Mlango hufungwa. Kipande cha blanketi kuukuu husukumwa chini ya mlango, na yale matundu madogo ambayo fundi aliyaacha juu ya dirisha huzibwa kwa matambara, magunia au magazeti ya zamani, likiwemo, bila shaka, gazeti hili.

Anayefanya hivyo si mjinga. Anafanya jambo lile lile ambalo wahandisi wa nchi za baridi wamelifanya kwa miongo kadhaa: kuziba kila mwanya ili joto lililonunuliwa kwa fedha lisitoroke. Swali ni kipi kingine kinachobaki ndani pamoja na joto hilo.

Nchi tajiri zilijifunza jibu kwa gharama. Baada ya bei ya mafuta kupanda ghafla mwaka 1973, majengo ya Marekani na Ulaya yalianza kuzibwa barabara ili kuokoa nishati. Nchini Marekani, kiwango cha chini cha hewa safi kwa kila mtu kiliteremshwa hadi futi za ujazo 5 kwa dakika. Haukupita muda wafanyakazi wakaanza kulalamikia maumivu ya kichwa, macho kuwasha na uchovu uliotoweka mara tu walipotoka nje. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilianza kuyazungumzia majengo hayo "yanayougua" katika miaka ya 1980, na mwaka 1989 chama cha wahandisi wa joto na hewa cha Marekani, ASHRAE, kilikipandisha kiwango hicho hadi futi 15.

Wajerumani walishika njia nyingine. Katika nyumba za Darmstadt zilizoanza kukaliwa mwaka 1991, kila ufa ulizibwa, kisha mtambo ukawekwa wa kutoa hewa chafu na kuingiza safi, huku joto la hewa inayotoka likihamishiwa hewa inayoingia. Kanuni yao ni kwamba jengo lizibwe kabisa, halafu hewa iingizwe kwa makusudi.

Kitale hakuna mtambo wa aina hiyo katika chumba cha kupanga. Tundu lililo juu ya dirisha ndilo mtambo wenyewe, na mpangaji anapolijaza matambara huwa ameuzima.

Nyasi ziliondoka, mabati yakaja

Tatizo hili si la kale sana. Nyumba za Wabukusu wa Bungoma na za Wasabaoti wa Mlima Elgon zilikuwa za udongo zilizoezekwa kwa nyasi. Paa la nyasi lilifanya kazi mbili kwa wakati mmoja: lilizuia joto lisipotee haraka, na liliuruhusu moshi kupenya taratibu na kutoka. Moshi ulikuwepo, tena mwingi, na masizi yaliyoning'inia darini yalikuwa ushahidi. Hata hivyo nyumba ilikuwa ikipumua.

Bati halifanyi hata moja ya kazi hizo. Hupitisha joto kama sufuria na halipitishi moshi asilani, isipokuwa pale palipoachwa mwanya kati ya ukuta na paa. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa takriban familia nne kati ya tano nchini Kenya zinaishi chini ya mabati. Yana faida zake. Hayavuji kama nyasi zilizochakaa, hukinga maji ya mvua kwa ajili ya tangi, na nyasi zenyewe zimekuwa adimu mashamba yalipojaa mahindi na miwa. Hakuna anayetaka kurudi nyuma, wala makala haya hayamshauri mtu kufanya hivyo.

Baadaye ikafuata saruji. Kuta za matofali zilizopigwa lipu, mlango wa chuma na dirisha la vioo vilipunguza zaidi nyufa zilizokuwa zikiingiza hewa bila mtu kujua. Kanuni za ujenzi za mwaka 1968, zilizotumika nchini kwa miongo mingi, zilitambua hatari hiyo na kudai kila chumba cha kukaa kiwe na dirisha pamoja na njia ya hewa isiyofungwa. Ndiyo asili ya matundu yale juu ya dirisha, ambayo mafundi huyaacha kwa mazoea hata pale ambapo hawajui sababu yake.

Joto hutorokea wapi?

Hapa ndipo wengi wetu tumekosea, na inafaa tupige hesabu.

Chukua chumba cha kupanga cha mita 3 kwa 3, chenye kimo cha mita 2.5. Ndani yake mna mita za ujazo 22.5 za hewa. Tuseme nje kuna nyuzi 12 na ndani nyuzi 20, yaani tofauti ya nyuzi 8. Ikiwa matundu yanabadilisha hewa yote ya chumba mara moja kila saa, joto linalotoka nayo ni sawa na wati 50 hivi.

Mtu mzima aliyelala hutoa joto la wati 70 au zaidi kwa mwili wake tu. Kwa hiyo joto linalopotea kupitia tundu hilo hufidiwa na mlalaji mmoja, na ziada ikabaki. Wakiwa wanne chumbani, hewa inaweza kubadilishwa hata mara mbili au tatu kwa saa bila miili yao kushindwa kuifidia.

Sasa tazama juu. Bati lisilo na dari, lenye ukubwa wa mita 9 za mraba, hupoteza takriban wati 400 kwa tofauti ile ile ya nyuzi 8, na huzidi hapo usiku usio na mawingu. Hiyo ni mara nane ya kinachotokea tunduni. Anayeziba tundu na kuliacha bati tupu ni kama mwenye kuziba tobo la sindano ilhali ndoo haina kitako.

Dari, hata ya mbao nyembamba au ubao laini, hupunguza upotevu huo kwa kama nusu, kwa sababu hewa iliyotulia kati ya dari na bati haipitishi joto kwa urahisi. Nusu ya wati 400 ni wati 200. Hakuna kitambaa cha kuziba matundu kitakachookoa joto kiasi hicho.

Faida hiyo huonekana mchana pia. Bungoma iko chini kuliko Kitale kwa takriban mita 500, na kwa sababu hiyo ina joto zaidi kwa nyuzi 3 hivi. Huko tatizo la bati huwa ni jua la saa nane mchana. Dari inayozuia joto lisitoke usiku wa Kitale ndiyo hiyo hiyo inayolizuia lisiingie mchana wa Bungoma.

Makaa mekundu yasiyo na moshi

Turudi kwa lile jiko lililoingizwa chumbani. Watu wengi huamini kuwa makaa yakishakolea na moshi kuisha, hatari nayo imekwisha. Ukweli ni kinyume chake. Moshi humchoma mtu macho na kumfukuza. Kaboni monoksidi, gesi itokayo makaa yanapoungua bila oksijeni ya kutosha, haina rangi, haina harufu na haimwashi mtu popote.

Gesi hiyo hushikamana na chembe za damu zinazobeba oksijeni kwa nguvu inayoizidi oksijeni yenyewe zaidi ya mara 200. Damu huendelea kuzunguka lakini haina mzigo iliotumwa kuubeba. Dalili za kwanza ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea, mambo ambayo aliyechoka huyachukulia kuwa usingizi au malaria. Aliyekwisha kulala hupoteza fahamu bila kuamka. Hewa ya Kitale nayo ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban moja ya tano, hivyo anayevuta pumzi huko ana akiba ndogo zaidi ya oksijeni.

Tufanye hesabu nyingine. Kilo moja ya makaa katika jiko la kawaida yaweza kutoa gramu 200 hivi za gesi hiyo. Gramu 100 za makaa, yaani gao moja au mawili yaliyobaki baada ya kupika, zitatoa gramu 20. Zikisambaa katika chumba chetu kilichozibwa, kila mita ya ujazo itakuwa na karibu miligramu 900. WHO husema mtu asivute zaidi ya miligramu 100 kwa dakika 15, wala zaidi ya miligramu 10 kwa muda wa saa 8.

Je, matundu yakiachwa wazi jiko litakuwa salama? La. Ili gramu hizo 20 zishuke hadi kiwango cha saa 8, hewa ya chumba ingepaswa kubadilishwa mara 90 hivi katika usiku mmoja, na hakuna tundu la juu ya dirisha liwezalo kazi hiyo. Matundu ni kwa ajili ya pumzi za watu. Jiko la makaa halina nafasi katika chumba cha kulala, kiwe kimefunguliwa au kimefungwa.

Mtu anayekutwa amelegea katika chumba chenye jiko anapaswa kutolewa nje mara moja na kupelekwa hospitalini, ambako hupewa oksijeni. Maziwa, ambayo jirani mwema hukimbilia kuyaleta, hayaiondoi gesi hiyo kwenye damu, na kumnywesha aliyepoteza fahamu kwaweza kumpalia.

Bungoma na vita vya mbu

Ukishuka kutoka Kitale kupitia Kamukuywa hadi Webuye na kuingia Bungoma, sababu ya kuziba nyumba hubadilika. Baridi hupungua isipokuwa kwa wakazi wa miinuko ya Kapsokwony na Kaptama, na adui anayefungiwa mlango huwa ni mbu. Kaunti ya Bungoma imo katika ukanda wa Ziwa Victoria ambamo malaria huwapo mwaka mzima.

Mbu wa malaria hupenda kuingia kupitia ule mwanya ulio kati ya ukuta na paa. Ndiyo maana maafisa wa afya huhimiza uzibwe. Lakini jikoni, mwanya huo ndio dohani pekee ya mama anayepikia mafiga matatu kwa kuni, mabua au magunzi ya mahindi. Akiuziba kwa udongo amewazuia mbu na kujifungia moshi. Akiuacha amejitoa kwa mbu. Wengi huamua kuuacha, wakiamini kuwa moshi wenyewe huwafukuza wadudu. Uhakiki wa tafiti uliochapishwa mwaka 2007 haukupata ushahidi kuwa moshi wa mapishi huwakinga watu na malaria.

Njia ya tatu ipo, nayo ni wavu. Wavu wa waya au wa plastiki ukikazwa kwenye mwanya na madirishani huruhusu hewa ipite na kumzuia mbu. Jaribio lililofanywa Gambia na kuchapishwa mwaka 2009 lilionyesha kuwa nyumba zilizowekewa nyavu ziliingiwa na mbu wa malaria kwa karibu nusu tu ya idadi iliyoingia katika nyumba nyingine, na watoto wake walipungukiwa damu kwa kiasi kidogo zaidi. Jikoni, wavu huo sharti upigwe brashi mara kwa mara, kwani masizi huuziba na kuurejesha ukuta wa udongo kwa mlango wa nyuma.

Jiko linalobana kuni

Kenya ina historia ndefu ya majiko ya kuokoa nishati. Jiko la udongo lililovikwa bati, ambalo leo liko karibu kila soko, lilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kuiga ndoo za makaa za Thailand. Baadaye likaja jiko la kuni la Upesi, lililosambazwa magharibi mwa Kenya na vikundi vya kina mama wafinyanzi. Hutumia kuni chache kuliko mafiga, na hilo ni jambo kubwa kwa anayezitafuta kwa miguu.

Lakini kubana kuni si lazima kuwe ni kubana moshi. Watafiti waliofuatilia familia 55 huko Mpala, Laikipia, kwa miaka miwili, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2001, waligundua kuwa magonjwa ya kupumua huongezeka kadiri moshi unavyoongezeka, lakini ongezeko hilo hupungua kasi moshi unapopita maikrogramu 1,000 hadi 2,000 kwa mita ya ujazo. Maana yake kwa mpishi ni nzito: jikoni penye moshi mzito, kuupunguza kwa nusu kwaweza kuleta nafuu ndogo tu, kwa kuwa nusu iliyobaki bado ni nyingi mno. Nchini Malawi, jaribio lililohusisha zaidi ya watoto 10,000 na kuchapishwa mwaka 2017 halikuona tofauti yoyote ya homa ya mapafu kati ya familia zilizopewa majiko bora na zilizobaki na moto wa kawaida.

Kinachosaidia zaidi ni kuutoa moshi nje au kuacha kuutengeneza. Shirika la ITDG, ambalo sasa huitwa Practical Action, lilijaribu njia kadhaa Kajiado na magharibi mwa Kenya kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990. Kifuniko cha bati kilichotundikwa juu ya mafiga na kuunganishwa na bomba lililotoboa paa kilipunguza moshi kwa zaidi ya nusu. Kupanua dirisha pekee hakukufua dafu, kwa kuwa moshi hupanda kabla ya kwenda upande, na dirisha liko chini yake.

Kuacha kuutengeneza maana yake ni gesi ya mtungi au umeme. Sensa ya 2019 ilikuta asilimia 55.1 ya familia za Kenya zikipikia kuni na karibu robo zikitumia gesi. Serikali nayo haikuwa na mwelekeo mmoja: mwaka 2021 iliirudishia gesi ushuru wa thamani wa asilimia 16, ikaupunguza hadi asilimia 8 mwaka 2022, kisha ikauondoa 2023. Mama wa Kimilili aliyenunua mtungi wakati wa nafuu alijikuta amerudi kwenye magunzi, ambayo Trans Nzoia na Bungoma hayanunuliwi baada ya mavuno.

Nani alipie dari?

Kwa anayejenga nyumba yake, mpangilio haubabaishi. Dari ije kabla ya vigae vya sakafuni, kwa sababu vigae havipashi mtu joto. Matundu yawekwe kwenye kuta mbili zinazotazamana, mengine chini kidogo na mengine juu, ili hewa vuguvugu iliyotumika itokee juu na mpya iingie chini. Yapigwe wavu. Jiko liwe katika chumba chake chenye bomba au mwanya wa juu, na mlango wa kati ya jikoni na chumba cha kulala ufungike vizuri. Hapo ndipo mahali pa kutumia ile bidii ya kuziba.

Kwa mpangaji wa Tuwani au Kipsongo mambo ni magumu zaidi, kwani anapika, anakula na kulala katika chumba kimoja. Tena kuna kikwazo kisichotajwa sana: mwenye ploti ndiye anayemiliki paa, lakini mpangaji ndiye anayenunua makaa. Dari ingemwokolea mpangaji fedha kila usiku, ilhali gharama yake ingemwangukia landilodi ambaye halali humo. Hivyo bati hubaki tupu mwaka baada ya mwaka, na matundu huendelea kujazwa magazeti.

Baadhi ya wapangaji wamejitafutia suluhisho. Hushona magunia matupu ya mahindi yakawa turubai moja, wakalikaza kwa misumari kwenye boriti chini ya bati na kuacha nafasi ya shubiri moja au mbili. Ni dari ya kimaskini, lakini ile hewa iliyotulia kati ya gunia na bati hufanya kazi ile ile. Gunia hushika moto upesi, kwa hiyo anayelitumia asipikie chini yake wala asiwashe koroboi karibu nalo, na nyaya za umeme zisipite juu yake zikiwa wazi. Anapohama, hung'oa misumari, akalikunja na kwenda nalo.